Kuinua Pikapu na Kubadilisha Shokapu
Maelezo ya Katibu kwa Wanachama Wenye Gari za Shamba

Wanachama watatu wenye pikapu wameiandikia kamati mwezi huu, na barua zao zote zauliza neno moja: je, chama kitamkopesha mwanachama fedha, zikatwe katika mauzo yake ya karafuu, apate kuinua gari yake na kuitia shokapu mpya kabla ya mchumo? Mmoja wao ametuletea na picha aliyopelekewa na nduguye aliye Muscat, ya Hilux iliyoinuliwa hata mtoto wa chuoni aweza kupita chini yake kwa kuinama kidogo tu. Barua hizo zitajibiwa kila moja peke yake. Lakini kwa kuwa fedha ziombwazo si haba, na kwa kuwa gari hizi ndizo zichukuazo karafuu zetu na watu wetu, kamati imemtaka katibu aeleze hapa kazi hii ni kazi gani, yafaa wapi, na hatari yake iko wapi. Tutaeleza juu ya Toyota Hilux, maana ndiyo gari ya wote watatu. Mwenye gari ya namna nyingine ataona ya kwamba mengi katika haya yamhusu na yeye.

Tuanze na shokapu, kwani hapo ndipo wengi wetu tuchanganyapo mambo. Watu hudhani shokapu ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Gari hubebwa na springi. Nyuma ya Hilux springi hiyo ni kamani, yaani zile bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya moja. Mbele, katika Hilux za umbo lililoanza kuuzwa baina ya mwaka 2004 na 2005, na zilizofuata, ni springi ya kuviringwa iliyoizunguka shokapu yenyewe. Katika nyingi zilizotangulia ni fimbo ndefu ya chuma iliyolala chini ya gari, ambayo husokoteka kila gurudumu linapopanda. Na katika za kale zaidi mna kamani mbele na nyuma.

Springi ikishindiliwa hurudi juu, na irudipo hupita pale ilipokuwa, ikashuka tena, ikapanda tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo na vali. Pistoni hupita katika mafuta kwa taabu, na ile nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu ya gari iliyotoka njia mbovu yaweza kukuunguza mkono. Shokapu iliyokufa haiishushi gari hata nusu inchi. Huiacha irukeruke, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Njia ikiwa ndefu na mashimo yakifuatana, mafuta hupata moto, yakachanganyika na hewa iliyomo ndani, yakatoka povu. Pistoni ikipita katika povu haipati kizuizi, na dereva husikia gari imelegea ghafla. Kwa ajili hiyo wenye viwanda walitia gesi ya naitrojeni, inayoyabana mafuta yasitoe povu upesi. Ziko shokapu za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na ziko za mrija mmoja ambazo gesi yake hutengwa na mafuta kwa pistoni ya pili. Hizi za mrija mmoja hupoa upesi zaidi, lakini jiwe likiubonyeza mrija, pistoni hukwama na shokapu imekwisha. Za mirija miwili huvumilia zaidi kubonyezwa kwa nje. Kwa njia zetu, ambazo mwendo wake ni mdogo na mawe na visiki vyake ni vingi, shokapu nzuri ya mirija miwili yenye gesi na mwili mnene yatosha kabisa. Asiambiwe mtu kwamba bila ya ile ya bei kubwa hatofika shambani.

Utaijuaje shokapu iliyokufa? Tazama mafuta yaliyotiririka mwilini mwake. Tazama tairi kama imelika kwa mabonde mabonde. Ule mtindo wa kuikandamiza pembe ya gari na kuhesabu inaruka mara ngapi haufai sana kwa nyuma ya pikapu, kwa sababu bamba za kamani husuguana zenyewe kwa zenyewe na kujituliza kidogo. Magari ya farasi ya zamani yalikuwa na kamani bila ya shokapu, na yalikwenda kwa sababu hiyo hiyo.

Gari hukwama kwa kitu gani?

Sasa tuje katika kuinua. Kabla mtu hajatoa fedha, na aende katika ile njia yake ya shamba, asimame pale gari ilipokwama mwaka jana, apige magoti atazame ni kitu gani kilichogusa ardhi. Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na hatukuona mtu aliyeliuliza katika barua zile tatu.

Njia zetu za mashamba ni za udongo mwekundu wenye kushika, vilima na mabonde. Mvua ikinyesha, matairi huchimba mifereji miwili, na baina yake hubaki tuta. Kila gari ipitapo, mifereji huzidi kwenda chini na tuta huzidi kuonekana. Kitu kinachokaa juu ya tuta lile, aghalabu, ni difu ya nyuma. Na difu ya nyuma ya Hilux imo ndani ya ekseli, na ekseli imefungwa moja kwa moja na magurudumu. Uinue gari kwa kamani ndefu namna gani, uweke vipande vya chuma, uweke springi za nchi yoyote, difu itabaki pale pale ilipokuwa, maana wewe umeinua kiwiliwili cha gari juu ya ekseli na ekseli hukuigusa.

Kitu kiinuacho difu ni tairi kubwa tu. Nayo huinua kwa nusu: tairi ikizidi kipenyo kwa milimita 50, difu hupanda milimita 25, ambazo ni upana wa vidole viwili vyembamba. Na tairi kubwa ina deni lake. Tairi ya kipenyo cha milimita 750 ikibadilishwa kwa ya 800, gia zote huwa kama zimerefuka, injini hupata taabu kilimani, breki hupungua nguvu, na saa ya mwendo ikisoma kilomita 60 gari yenyewe inakwenda 64.

Haya hayana maana ya kwamba kuinua hakufai kitu. Kiwiliwili kikipanda, pua ya gari haigongi ukingo inaposhuka korongoni, mkia hauburuti inapotoka, na tumbo halikai juu ya mgongo wa kilima. Kadhalika tangi, bomba la moshi na chuma cha kati ya magurudumu ya mbele hupata nafasi. Mwenye shamba la makorongo atafaidika. Mwenye njia ya tuta la katikati hatofaidika, na dawa yake ni watu sita wenye majembe kwa asubuhi moja, walikate tuta na kufungua mitaro ya pembeni ili maji yasipite njiani. Majirani wanaopita njia moja wakikubaliana, kazi hii haina gharama ila chai na mihogo.

Namna za kuinua

Kwa nyuma ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuondoa kamani za zamani na kutia mpya zilizopindwa zaidi. Hii ndiyo kazi iliyo sawa. Ya pili ni kuongeza bamba moja katika kamani zilizopo. Hii huinua, lakini huifanya nyuma iwe ngumu, na kama bamba nyingine zimechoka, ile mpya hubeba zaidi ya fungu lake. Ya tatu ni kuweka kipande cha chuma baina ya kamani na ekseli. Hii ni rahisi, na ndiyo iliyo mbaya kuliko zote kwa gari ya mizigo kilimani, kwa kuwa ekseli imekwenda mbali na kamani, na dereva atiapo moto hiyo ekseli hutaka kujiviringa na kuipinda kamani mfano wa herufi S. Kipande juu ya kipande usikubali kabisa, na kwa ekseli ya mbele yenye kamani usiweke hata kimoja.

Wako pia mafundi wanaorefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya kamani. Chuma kikirefushwa milimita 50, gari hupanda kiasi cha 25 tu, na ekseli huinama, na propela hupata pembe mbaya ikaanza kutetema. Tusiseme zaidi juu ya njia hii.

Kwa mbele, gari yenye ile fimbo ya kusokoteka huinuliwa kwa kukaza bolti yake ya kurekebishia. Haina gharama, na kwa hiyo hupendwa. Lakini fimbo ni ile ile na nguvu zake ni zile zile. Ulichofanya ni kuusogeza mkono wa gurudumu karibu na mwisho wake wa chini, na kila shimo utasikia kishindo cha chuma kufika kikomo. Kidogo yafaa, hasa kurudisha kimo kilichoshuka kwa uzee. Kwa gari zenye springi ya kuviringwa, kazi iliyo sawa ni springi mpya na shokapu yenye urefu unaolingana nayo. Wengine huweka bamba juu ya springi ya zamani. Kwa kuwa springi imekaa katikati ya mkono wa gurudumu, bamba la milimita 25 huinua gari karibu mara mbili ya hapo, na mnunuzi asiyejua hujikuta ameinua kuliko alivyotaka.

Kwa namna yoyote, mbele ikipanda, viungio vya shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake huchanika upesi, na bolijointi za juu husogea karibu na mwisho wao. Magurudumu nayo hubadili mlalo, na usukani hupoteza ile tabia yake ya kurudi wenyewe baada ya kona. Kwa hiyo gari iliyoinuliwa mbele ni lazima ipimwe na kunyoshwa magurudumu siku hizo hizo, si baada ya mchumo.

Kazi hii imestawi sana Australia, nchi ya njia ndefu za vumbi. Kampuni ya ARB ilianzishwa huko Melbourne mwaka 1975, na springi na shokapu zake ziitwazo Old Man Emu, kwa jina la ndege mkubwa wa kule asiyeruka, zauzwa nchi nyingi. Mafundi wa huko, kwa gari za kazi za kila siku, aghalabu husimama katika milimita 40 mpaka 50. Watu wanaoijua kazi hii kuliko sisi wamesimama hapo, nasi hatuoni sababu ya kuwapita.

Springi za namna hiyo huuzwa kwa madaraja: za gari tupu, za gari yenye mzigo wa kadiri daima, na za gari yenye mzigo mkubwa daima. Hapa wengi hukosea kwa kupenda ngumu. Mwanachama na ahesabu mzigo wake wa mwaka mzima, si wa siku moja. Wakati wa mchumo twachukua karafuu mbichi, na kila mtu hapa anajua ya kwamba kilo tatu mbichi zikianikwa hazitoi zaidi ya kilo moja kavu. Basi uzito mkubwa ni kutoka shamba hata uwanja wa kuanikia, nayo ni safari fupi. Gunia za karafuu kavu hujaza gari kabla hazijailemea. Na miezi mingine yote pikapu hiyo hiyo yaenda sokoni na mikungu miwili ya ndizi. Mwenye kutia springi ya mzigo mkubwa atakuwa na gari inayorukaruka mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache. Daraja la kati lamtosha.

Na ajue ya kwamba springi mpya haibadilishi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Uzito ule umeandikwa katika kibati cha gari, nao umehesabiwa kwa breki, ekseli, chesisi na matairi pamoja. Kamani nene hukuficha tu usione gari ikilala.

Breki ya nyuma

Jambo hili twaliandika peke yake kwa sababu mafundi wengi hulisahau, nalo laweza kuua. Mwenye Hilux na alale chini ya gari atazame juu ya ekseli ya nyuma. Katika nyingi ataona ufito mwembamba wa chuma unaotoka kwenye ekseli hata kwenye vali ya breki iliyofungwa katika chesisi. Vali hiyo hupima mzigo. Gari ikipakiwa, kiwiliwili hushuka, ufito husukumwa, na vali hutoa nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Gari ikiwa tupu, hupunguza, magurudumu ya nyuma yasijifunge yakateleza.

Sasa inua kiwiliwili milimita 50 na uuache ufito kama ulivyo. Vali itadhani gari ni tupu siku zote. Ukipakia karafuu mbichi na kuteremka kilima, breki za nyuma hazipati haki yake, na za mbele zafanya kazi ya nne. Dereva hatoona kitu katika njia tambarare. Ataona kilimani, na mvua inanyesha. Dawa yake ni ndogo: mshikio wa ufito kwenye ekseli uinuliwe kwa kadiri ile ile gari iliyopanda, kisha vali irekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na breki zijaribiwe mahali peupe, gari ikiwa tupu na ikiwa imepakiwa. Fundi asiyeijua vali hii asipewe kazi.

Pamoja na hayo itazamwe mipira ya breki. Magurudumu yakining'inia, mpira usikazike. Na mpira wa pumzi wa difu pia usivutwe, maana ukichomoka, difu itakunywa maji katika kivuko cha kwanza.

Gari kupinduka

Twaomba uvumilivu wa msomaji kwa hesabu kidogo. Gari husimama kwa sababu uzito wake huangukia ndani ya magurudumu yake. Chukua nusu ya upana kutoka gurudumu la kushoto hata la kulia, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Jibu likiwa kubwa, gari ni imara, likiwa dogo, ni rahisi kupinduka. Tufanye mfano: upana ni mita 1.5, na kitovu cha uzito kiko mita 0.70. Nusu ya upana ni 0.75, na jibu ni 1.07. Gari hiyo, ikisimama tu, yaweza kuinama ubavuni kiasi cha digrii 47 kabla ya kuanguka. Iinue milimita 50: jibu ni 1.00, digrii 45. Si tofauti ya kutisha.

Sasa pakia. Tia gunia mpaka juu ya kingo, na juu ya gunia wakae wachumaji wanane. Tuseme kitovu kimepanda hata mita 1.00. Jibu ni 0.75, digrii 37. Na ikiwa gari yenyewe imeinuliwa, ni mita 1.05 na digrii 35 na kitu. Hizi ni hesabu za gari isiyo na springi, iliyosimama, isiyo na kona. Gari ya kweli hulala upande wa chini kwa springi zake, gunia husogea, na watu wote huegemea upande mmoja kwa hofu, na hapo digrii hupungua sana.

Msomaji ataona ya kwamba kilichokula usalama zaidi si kule kuinua, ni mzigo na watu walio juu yake. Kuinua kumechukua katika kile kidogo kilichobaki. Nao wakaao juu ya gunia si wenye gari. Ni vijana na akina mama waliokuja kuchuma kwa ujira, na wengine wao ni watoto wa majirani zetu. Mkutano wa kamati umekubali bila ya mtu kupinga: gari yoyote iliyoinuliwa kwa mkopo wa chama haitachukua watu juu ya mzigo, na mwenye gari ataweka sahihi yake katika sharti hilo. Wachumaji na wapelekwe kwanza, wamekaa sakafuni mwa pikapu, kisha gari irudi kwa karafuu. Ni safari ya pili na ni mafuta zaidi, kamati yajua.

Kufunga

Kwa atakayeendelea, haya ndiyo ya kumsimamia fundi.

Siku moja kabla, bolti zote zimwagiwe mafuta ya kulegezea kutu, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi hushikanisha chuma na chuma. Gari iwekwe mahali pa sawa na vipimwe vimo vyake vinne: kutoka katikati ya gurudumu hata ukingo wa madigadi. Viandikwe. Bila ya vipimo hivyo hakuna ajuaye baadaye gari imepanda kiasi gani, na kama upande mmoja umepita wa pili.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Chesisi ikalishwe juu ya stendi madhubuti. Matofali hupasuka bila ya kutoa habari. Na springi ya mbele ya kuviringwa ina nguvu iliyofungwa ndani yake iwezayo kumwua mtu. Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe mpaka springi imebanwa kwa chombo chake maalumu. Fundi asiye na chombo hicho, akasema atatumia kamba au mnyororo, mshukuru na uondoke na gari yako.

Urefu wa shokapu upimwe kabla ya kuagiza, si baada ya kufika. Ekseli ishushwe mpaka mwisho wake wa chini, upimwe urefu baina ya vishikio viwili vya shokapu. Kisha ipandishwe mpaka iguse mpira wa kuzuia kugonga, upimwe tena. Shokapu inyoshwapo iwe ndefu kuliko kile kipimo cha kwanza, na ikunjwapo iwe fupi kuliko cha pili, na ibaki nafasi ya milimita 20 hivi kila upande. Gari ikiinuliwa na shokapu za zamani zikaachwa, hizo ndizo zitakazoning'iniza ekseli kila shimo, mpaka jicho la shokapu likatike. Zikiwa ndefu mno, zitagonga ndani kabla ya mpira, na zitakufa upesi zaidi.

Shokapu ya mirija miwili, kabla ya kufungwa, isimamishwe wima ivutwe na kusukumwa mara kadhaa ili hewa iliyojikusanya ipande juu. Ule ufito wake unaong'aa usishikwe kwa koleo, hata kidogo, maana mkwaruzo mmoja hukata mpira wa kuzibia na mafuta hutoka. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia. Bushi za mpira zisipakwe grisi ya kawaida, kwani huila mpira.

Bolti za mfano wa U zinazofunga kamani na ekseli ziwe mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika, na hazishiki tena kama mwanzo. Zikazwe kwa kupokezana, pembe hii na pembe ile, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa. Lakini bolti zipitazo katika bushi zisikazwe gari ikiwa juu ya stendi. Gari ishushwe kwanza, isimame kwa magurudumu yake yenyewe, itikiswe, kisha zikazwe. Bushi ikikazwa magurudumu yakining'inia, hubaki imesokoteka siku zote gari isimamapo chini, na baada ya muda mfupi hupasuka. Kosa hili hufanyika sana, na mwenye gari hulalamika kwamba bushi zilikuwa bandia.

Baada ya kushuka: magurudumu yanyoshwe, vali ya breki irekebishwe, na taa za mbele zishushwe, maana gari iliyoinua pua humpofusha anayekuja. Mwendo mdogo siku ya kwanza, sikiliza kama propela inatetema. Baada ya kilomita 500 bolti zote zikazwe tena. Kisiwa chetu cha Pemba kina urefu upatao kilomita 67, kwa hiyo ni kama safari saba na nusu kutoka ncha hata ncha, si jambo la mwaka ujao. Na mwenye bima ampelekee habari mwenye kukata bima kwa maandishi.

Kwa wale watatu walioandika, na wengine watakaofuata, kamati yataka karatasi moja tu kabla ya kuyatazama maombi: jina la kitu kinachogusa ardhi katika njia ya shamba, vimo vinne vya gari, vipimo viwili vya shokapu kila upande, na hali ya shokapu na matairi yaliyopo. Mwenye shokapu zilizokufa na matairi yaliyolika atapewa kwanza fedha za hivyo viwili, kisha tutazungumza habari ya kuinua. Karatasi zipokelewe ofisini kwa katibu kabla ya mkutano wa kamati ujao. Asiyeweza kulala chini ya gari kwa umri au kwa maradhi na amtume kijana, bora ajue kusoma futi.